Jina Lililobaki mu Sahani

Méschac Ngoy aliitwa mara mbili asubuhi ile kwenye kivuko cha samaki cha Nchelenge, na mwenyewe anaapa kwamba alifika mara moja tu. Kesi nzima ilikuwa imelala hapo, kati ya mara moja na mara mbili.

Inspekta Eness Bwembya alisimama mbele ya vyuma vya selo, mukono mumoja mufukoni, akamwacha aongee. Kiswahili alijifunza sokoni, kwa wamama wa Congo wanaokuja kununua samaki, na kazi ya polisi ilimufundisha jambo lingine: mutu ukimwacha aongee, ama atajifunga mwenyewe, ama atajifungua.

"Mama Inspekta, sikiliza. Niliingia na chisense yangu, bamama bakanunua, nikasukuma bwato nikarudi. Mvua ile, nani angekaa pale? Nilikwenda kulala. Njo pale polisi balikuja kuniamusha na muguu."

"Nyuma ya ile, jina yako iliitwa tena."

"Njo vile banasema."

"Haina kusema tu. Mulinzi Goodson aliisoma kwenye ubao wa kivuko, akaiita kwa kipaza sauti. Kivuko kizima kilisikia."

"Basi ubao iko na Méschac yake. Umutafute, mama. Ukimupata, umupe salamu yangu."

Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamuishia mudomoni. Alijua vizuri kinachomungojea. Gari la kupeleka wafungwa Mansa lilikuwa linatoka muchana uleule. Mukimbizi akipelekwa Mansa na kesi ya kuiba mali ya dispensari, karatasi yake ya kuishi nje ya kambi ya Mantapala inakamatwa hapohapo. Bwato inabaki kuoza, muke na watoto wanarudishwa kambini kungojea, na mutu mwenyewe anaweza kukaa ndani mpaka mutoto wake wa mwisho asahau sura yake.

"Ulikuwa unavaa nini asubuhi?" Eness akauliza.

"Sachet ya plastiki ku kichwa. Sina koti ya mvua, mama. Ningekuwa nayo, muke wangu angekuwa ameshaiuzisha."

Eness hakucheka. Aliliweka neno lile pembeni, kama mutu anavyoweka kuni kavu, akatoka.

Ngoja tuseme mambo yalivyokuwa. Betri za jua za kituo cha afya cha Kafutuma ziliibiwa, zile zinazowasha taa ya chumba cha kuzalia na kubaridisha chanjo. Tangu siku ile wakunga wa Kafutuma wanazalisha kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na meno. Polisi walitafuta barabarani, hawakupata kitu. Halafu asubuhi ile ya mvua, kwenye kivuko, kitunga cha chisense, dagaa wa ziwa lile, kilianguka, na chini ya samaki ikatoka betri yenye rangi ya kijani ya Kafutuma. Ilipasuka. Mutu wa ile mashua akasukuma mwambao kwa kasia, akarudi ndani ya ukungu, akapotea. Maji hayashiki alama ya muguu. Kilichobaki ni jina tu kwenye ubao, na jina lilikuwa MÉSCHAC NGOY.

Kivukoni, Eness alimukuta Patson Chibwe akimungojea chini ya bati. Patson alikuwa kwenye komite ya koperative ya mashua, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda polisi kutoa habari. Alimushika mukono kwa mikono miwili, magoti yakiinama kidogo, akamukaribisha kwa heshima ya Kibemba.

"Mwaiseni, mukwai. Mumechoka. Nilete chai?"

"Asante, Ba Patson. Nitakunywa nikimaliza."

"Kuna nini cha kumaliza? Jina lilisomwa. Mimi sina chuki na watu wa ng'ambo, mukwai, tunakula nao, tunaomba nao. Lakini mashini haijui Mucongo wala Mubemba. Mashini inasema kile iko inaona."

Ardhi ilikuwa tope tupu. Kila mutu pale alikuwa na suruali iliyokunjwa au kaptula chafu ya samaki. Patson peke yake alikuwa amevaa suruali nyeusi iliyopigwa pasi, ya kuendea kanisani, na tope limeshaikamata mpaka magoti.

"Munakwenda kwenye ndoa?" Eness akauliza.

Patson akajiangalia. "Zingine zimelowa zote," akasema. "Mvua hii."

Eness akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa mama Mathilde.

Mathilde alikuwa Mucongo wa Pweto, mununuzi wa chisense, mwanamuke munene mwenye sauti ya kushinda injini. Alikuwa ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, kikwembe chake cha kitenge amekitandaza magotini kama mutu anayelia maiti. Kikwembe kilikuwa na matundu, mengine makubwa kama kiganja.

"Wax ya kweli hii, mama Inspekta. Bwana yangu alininunulia mbele ya kufa. Sasa angalia. Mayi ya betri imeikula kama panya."

"Ni wewe uliangusha kitunga?"

"Ni mimi. Goodson aliita Méschac. Nikasema, ee, huyu si ameshafika? Lakini Méschac aliniahidi chisense, nikajua labda amerudia ingine. Nikashuka na beseni yangu. Nikakamata kitunga. Kizito. Chisense gani yenye uzito ya jiwe? Mukono ikateleza, kikaanguka, pwaa."

"Ulimuona mutu?"

"Koti kubwa ya mvua, kofia mpaka hapa." Akaonyesha puani. "Mayi ya betri ilirukia mimi, ikarukia na yeye, ku miguu. Akasukuma bwato akaenda."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu." Mathilde akainua kichwa, kama mutu aliyejisikia mwenyewe. "Hakusema kitu hata kimoja. Na Méschac, mama, unamujua? Ule mutu anaongeaka na samaki. Anaongeaka usingizini, muke wake njo analalamika. Mayi ya moto imurukie, anyamaze?"

"Mbona hukusema vile kwa polisi asubuhi?"

"Baliniuliza jina iliyoitwa. Hawakuniuliza kama nilimusikia."

Kisha akainama karibu, akapunguza sauti, ambayo kwake ilikuwa bado inafika mpaka majini. "Ukitaka kujua ukweli, umuulize Gauthier. Njo alifanya ile mashini. Na Méschac alimukatalia kumuoa mudogo wake. Alikuja na mbuzi na chumvi, Méschac akamurudisha na mbuzi yake, mbele ya batu yote. Mwanaume hasahau mbuzi iliyorudi."

Biro ya koperative ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya mizani. Ndani, Gauthier alikuwa mbele ya ordinatere, kompyuta ya koperative, na meza ya pili alikaa Chama, sekretere, anayeandikisha mashua na majina ya wenyewe. Gauthier alikuwa mutu murefu wa Lubumbashi. Alisoma chuo huko, vita vikamusukuma huku, na alikuwa na tabia ya kufuta lunettes, miwani yake, kila akiulizwa kitu.

Mashini yenyewe Eness aliijua kwa nje. Mbele ya kila mashua kuna kibati kidogo chenye namba ndani yake. Kwenye maji, kuna muti wa chuma wenye jicho. Mashua ikipita karibu, jicho linasoma kibati, na juu ya ubao jina la mwenye mashua linawaka kwa herufi nyekundu. Goodson, mulinzi, analiita kwa kipaza sauti, na wamama wanajua samaki wa nani wamefika.

"Unaweza kuweka jina ya mutu kwenye ubao, na bwato yake haijapita?" Eness akauliza bila salamu ya pili.

Gauthier akavua lunettes. "Naweza, chef. Mi njo niliandika programe. Lakini sikufanya."

"Wote niliowafunga walisema hawakufanya."

"Ni juu ya ile mbuzi? Mathilde amekuambia mbuzi."

"Mashini ilishika namba ya kibati?"

"Hapana. Inashika paka jina, jina peke yake. Koperative walisema batu hawanunue samaki kwa namba."

Eness akavuta kiti. Alituma polisi mumoja akamate vibati vya mashua zilizolala ufukoni, kimoja kimoja, avipitishe mbele ya jicho. Yeye na Gauthier walisimama dirishani wakiangalia ubao. Kila kibati kilitoa jina lake. Hakuna kilichokosea. Kibati cha Méschac kilitoa Méschac. Kibati kisichoandikwa, kilichotoka kwenye boksi jipya, kilitoa neno HAIJULIKANI. Polisi alirudi amelowa, uso wake unasema kwamba kazi imekwisha.

Kazi haikwisha. Mashini inayosema kweli kila mara, na mutu anayesema kweli, hawawezi kupingana. Mumoja kati yao alikuwa na mulango wa nyuma.

"Nionyeshe ndani," Eness akasema.

"Ndani ya nini?"

"Ya programe. Fasi jina inatoka, na njia inapita mpaka kwenye ubao. Nionyeshe njia, kama unamuonyesha mutoto."

Gauthier akageuza ordinatere. Misitari ilikuwa mingi kama sisimizi. "Hii ni lugha ya C," akasema. "Ni herufi moja tu. Aliyemupa jina hakuwa na mate mingi."

Chama alitabasamu mezani pake, hakuinua kichwa.

"C ni kama jikoni," Gauthier akaendelea. "Kazi yote inafanyika pale. Lakini majina hayalale jikoni. Yanalala ku ghala, na ghala iko na mutu wake, na lugha yake. Jikoni haiingiake mu ghala. Inasimama ku mulango inauliza: bwato yenye namba hii, mwenyewe ni nani? Utie jibu mu sahani yangu. Hii hapa njo swali."

Akaweka kidole. Eness aliona maneno ya lugha ya ghala katikati ya lugha ya jikoni, kama Mubemba aliyeketi kati ya Wacongo. Maneno mengine yalikuwa na nukta mbili mbele yake.

"Hizi nukta mbili?"

"Ni alama ya sahani. Mutu wa ghala akiona nukta mbili anajua: hii si kitu ya ghala, ni chombo ya jikoni. Ya kwanza inabeba namba kumupelekea. Hii ingine inapokea jina. Jina likiingia, jikoni inalikamata, inalitupa kwenye ubao."

"Sahani inaoshwa?"

"Haina haja. Jina mupya linaingia juu ya la zamani, linalifuta."

"Na hii ndogo, imebanana na ya jina? Nayo iko na nukta mbili."

Gauthier alishika lunettes. "Hiyo? Ni formalité tu."

Eness alikuwa ameuliza watu maswali miaka mingi, na neno "tu" lilikuwa rafiki yake. Mutu akisema tu, pale ndipo unachimba. "Formalité gani?"

"Ni sahani ndogo ya kusema kama jibu lilikuwako."

"Jibu linaweza kukosa kuwako, na bwato iko mu ghala?"

"Inaweza. Bwato iko, namba iko, lakini fasi ya jina iko wazi. Haina jina mbaya, haina sifuri. Ni utupu. Sasa mutu wa ghala akikuta utupu, anaandika hasi moja mu sahani ndogo. Ni kukuambia: uangalie, sikuleta kitu."

"Na mu sahani kubwa anatia nini?"

Gauthier akarudisha kidole kwenye musitari. Mvua ilisikika juu ya bati. "Haiguse," akasema.

"Haiguse."

"Hapana. Inabaki na kile kilikuwa ndani."

"Gauthier. Nani anaangaliaka sahani ndogo?"

Alivua lunettes, akazifuta, akazirudisha, akazivua tena. Sauti yake ya mwalimu ilikuwa imekwenda. "Tangu mvua za kwanza programe ilikuwa inakatala. Bwato moja ikipita, inasimama, inalalamika: nimekuta utupu, hakuna sahani ya kuniambia niandike wapi. Koperative yote ilikuwa inanipigia kelele. Nikaongeza sahani ndogo. Ikanyamaza. Nikafurahi imenyamaza."

"Nani anaiangaliaka?"

"Hakuna mutu, chef."

Mikono ya Chama ilikuwa imesimama juu ya meza. Eness aliigeukia polepole, maana mwanamuke anayeacha kazi katikati ya neno amesikia jina lake likikaribia.

"Utupu haujizai wenyewe, Ba Chama," akasema kwa Kibemba. "Kuna mutu aliufanya."

"Ni mimi, mukwai." Chama alisimama kama mutoto wa shule. "Ni mashua ya marehemu Jairos. Alipokufa, walileta watu wa kilio kutoka kisiwa cha Chisenga kwa mashua yake mwenyewe. Ilipita mbele ya jicho. Ubao ukawasha jina lake, na Goodson, bila kufikiri, akaliita. Orpha, mujane wake, alikuwa hapo amesimama majini. Alianguka, mukwai. Tulimutoa kama nguo iliyolowa."

"Ukafuta jina."

"Ningefanya nini? Jina la marehemu haliitwi mbele ya kupyana. Mupaka ndugu yake akae kwenye kiti, ale kwenye sahani yake, aambiwe sasa wewe ni Jairos, jina linaning'inia. La Jairos siwezi kuliacha. La Orpha si lake. La mutu atakayerithi, hajarithi. Nikaacha fasi wazi, nikasema nitaandika siku ya kupyana. Niliona ni heshima."

"Ilikuwa heshima," Eness akasema. "Kupyana ni lini?"

"Ni Patson anayengojewa akae. Jairos ni kaka yake wa tumbo moja. Lakini kila mara anasema bado. Mara ulezi wa pombe haujaota, mara mujomba wa Kasama hajapata nauli, mara mvua. Wamama wanaanza kusema ni mutu gani anayeogopa jina la kaka yake."

Kwenye kichwa chake Eness aliona suruali ya kanisani ndani ya tope. Lakini suruali si ushahidi, na bwato iliyolala inaweza kugeuzwa na mukono wa yeyote. Akainuka.

"Maneno haya yanabaki humu. Ninyi wawili hamutoki, hamupigi simu, hata maji ya kunywa mutaletewa. Polisi atakaa mulangoni."

"Chef, mimi niko nimefungwa?" Gauthier akauliza.

"Wewe rekebisha sahani yako. Lakini usiibadilishe leo. Leo naihitaji ilivyo."

Nyumba ya Orpha ilikuwa kwenye njia inayokwenda kusini, pale mihogo inaposhuka kukutana na matete. Mashua ya Jairos ililala kifudifudi juu ya magogo, tumbo juu, kama desturi ya pale: bwato ya marehemu haiingii ziwani mpaka mwenye jina apatikane. Orpha alitoka na mikono yenye unga. Alikuwa amenyolewa kichwa.

"Nani ameigusa, mama?" Eness akauliza.

"Aiguse nani? Watu wanaizunguka wakipita. Ni Patson tu anakuja kuangalia kama mvua haijaingia chini. Ana roho nzuri, yule."

Eness alipiga magoti kwenye tope, akaingiza kichwa chini ya mashua, akawasha taa ya simu. Magamba ya chisense yalikuwa yameshikana na mbao za ndani, yanang'aa, hata kunuka yalikuwa hayajaanza. Marehemu hawavui. Katikati ya sakafu, mbao ilikuwa imekuwa nyeupe na laini, imetafunwa, na alipoigusa kidole kikamuwasha. Akatoka, akakipangusa kwenye majani yenye mvua. Akamupa Orpha taa aangalie mwenyewe.

Orpha aliingia chini ya mashua, akakaa humo kwa muda. Aliporudi alikuwa ameshika mudomo na unga umemubaki mashavuni.

"Walimupanda akiwa amelala," akasema.

Eness alifahamu kwamba hakusema juu ya mashua, bali juu ya mume wake. "Naomba kibati chake, mama. Siwezi kukichukua mwenyewe."

Orpha alikishika kibati kwa kucha zake, akakivuta mpaka misumari ikatoka, akamuwekea mukononi.

Alipofika kivukoni, gari la Mansa lilikuwa limesimama karibu na mizani, injini inawaka. Méschac alikuwa nyuma, pingu mikononi, amenyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake, na wamama walikuwa wamelizunguka bila kelele, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kelele. Dereva alionyesha saa yake. Eness akamuomba subira ya kuvuta sigara moja.

"Sivuti, Inspekta."

"Basi jifunze."

Akamutafuta Patson kwa macho. Hakuwa mbali.

"Ba Patson, nisaidieni kwa jambo moja, nifunge kesi. Watu wa Mansa wataniuliza kama mashini iko sawa. Mashua yenu iko hapa?"

"Iko, mukwai."

"Ipitisheni mbele ya jicho, kila mutu aone."

Patson alifurahi kusaidia. Alisukuma mashua yake mwenyewe, akaipitisha karibu na muti wa chuma. Ubao ukawaka PATSON CHIBWE. Goodson akaita kwa kipaza sauti, na Patson akainua mukono kama mutu wa siasa. Watu wawili wakacheka.

"Mumeona," akasema. "Haisemi uongo."

"Haisemi," Eness akasema. Akaingia majini mpaka magotini, akatoa kibati mufukoni, akakipeleka mbele ya jicho. Herufi za ubao zilizimika, zikawaka tena. PATSON CHIBWE.

"Patson Chibwe!" Goodson akaita, kisha akashusha kipaza sauti, akaangalia majini. Hapakuwa na mashua.

Eness alikiinua kibati juu, watu wote wakione. "Hiki kilitoka kwenye mashua iliyobeba betri za Kafutuma. Asidi imeitafuna sakafu yake. Tumeipata ilipofichwa. Na mashini, Ba Patson, inasema mwenyewe ni ninyi."

Patson alicheka. Akaangalia watu, watu hawakucheka naye. Akaangalia ubao, na jina lake likawa linamuangalia.

"Hapana, hapana, mukwai. Hiyo si yangu. Hiyo mashini inadanganya. Inabandika jina la yule aliyetangulia kupita. Mimi nimetangulia kupita sasa hivi, ndiyo sababu imesema mimi. Mashua ya Jairos haina jina lake, kwa hiyo inabeba..."

Akauma ulimi. Lakini neno likishatoka mudomoni, ni samaki aliyerudi ziwani.

Eness alimwacha asikie mvua kidogo.

"Nimesema mashua ya Jairos?" akauliza taratibu. "Ba Goodson, mumenisikia nikisema Jairos?"

"Hapana, mukwai," Goodson akajibu. Alikuwa amesahau kutoa kidole kwenye kitufe cha kipaza sauti, na sauti yake ikatoka kubwa kwenye kivuko chote.

"Na hii ya kubandika jina la aliyetangulia kupita. Yule aliyeandika mashini ameijua leo, mbele ya macho yangu, na tangu ajue yuko ndani na polisi mulangoni. Ninyi nani aliwafundisha?"

Patson akashika ukingo wa mashua yake.

"Nitawaambia. Mulipita siku moja na mashua ya kaka yenu, kwa kuiba, na ubao ukaita mutu mwingine. Mukarudia, ukaita mwingine tena, na asubuhi hii ukaita Méschac, maana ndiye aliyetangulia kupita. Ndipo mukajua mumepata koti la kuvaa juu ya uso. Na ndiyo sababu kupyana hakufiki. Mukikaa kwenye kiti cha Jairos, Chama ataandika jina, na koti litavuliwa."

Kati ya wamama mutu alitoa sauti ndogo ya kifua. Ilikuwa Orpha. Alikuwa amekuja kwa miguu, unga bado mashavuni.

"Nilikupikia," akamwambia shemeji yake. "Kila ukija kuiangalia, nilikupikia."

Patson aliangalia maji.

"Suruali yenu ya kazi iko wapi, Ba Patson?" Eness akauliza. "Ile yenye matundu kama kikwembe cha mama Mathilde."

Mathilde alipita mbele ya wote, akainama, akaishika suruali ya kanisani kwenye kifundo, akaipandisha bila kuomba ruhusa. Muguu chini yake ulikuwa umeungua madoa mekundu mekundu, mapya, sawasawa na matone yanavyoruka.

"Utanilipa wax yangu," akasema.

"Betri zingine?" Eness akauliza.

"Chisenga," Patson akasema kwa sauti ya chini. "Kwenye nyumba za kukaushia samaki. Zote ziko."

Polisi walimufungua Méschac na kumufunga Patson kwa pingu zilezile, bado zina joto la mikono ya yule mwingine. Méschac alishuka garini, akasimama kwenye tope akijisugua mikono, watu wakingoja aseme kitu cha kuchekesha. Alifungua mudomo, akaufunga. Aliangalia kusini, njia ya kwenda kwake, akaanza kutembea, kisha akaanza kukimbia.

Gari likaondoka kuelekea Mansa. Mvua ilikuwa imepungua, lakini hakuna mashua iliyokuwa inaingia, na ubao uliendelea kuwaka peke yake juu ya maji, na jina la Patson Chibwe likabaki pale, maana hakukuwa na mutu wa kuja nyuma yake kulifuta.